WATOTO WETU: Vitofali vya Kuchezea na Kalamu Iliyopotea

Twaingia katika jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakaliona ni dogo mno kuwekwa katika ukurasa huu. Ni khabari ya kikebe cha kutilia kalamu mezani. Lakini kikebe hiki kimetutoa katika makosa mawili, na yaliyompata mwalimu chuoni kwake yaweza kumpata mzazi nyumbani kwake.

Kosa la kwanza ni hili. Mtoto mmoja wa kiume wa miaka 9 alikuja chuoni na mfuko wa vitofali vya kuchezea, ameutia mkobani pamoja na juzuu yake. Tulipousikia ukigongana ilhali wenzake wanasoma, tuliuchukua, tukauweka juu ya kabati, tukasema ya kuwa chuo si mahali pa upuuzi. Hapo bado twaona hatukukosea. Siku ya tatu akaja mama yake, akasimama mlangoni, akasema kwa adabu, "Maalim, nimekwisha kumkanya, hatavileta tena. Lakini vile vitofali alimletea babake kutoka Maskati, na huu ni mwaka wa pili hajapata ruhusa ya kurudi. Nakuomba unirudishie." Sisi tukamjibu kwamba mtoto huyu ana haja ya kurudishiwa hifdhi yake kuliko kurudishiwa vitofali. Yule mama hakutujibu neno. Alikwenda zake, na mfuko ukakaa juu ya kabati ukafanya vumbi.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Darasa letu la kuandika lina watoto 9, na kalamu zao huwekwa juu ya meza yetu wakati wa kusoma. Meza ile imeinama upande mmoja, na kalamu ni za duara, basi haipiti siku pasisikike, "Maalim, kalamu yangu!" Jumatano moja ikapotea kalamu mpya, na wa mwisho kuonekana karibu na meza alikuwa binti wa miaka 8. Wenziwe walisema yeye ndiye aliyeichukua. Tukamhoji mbele ya wote, mara tatu, akilia na kuapa kwamba hakuichukua, nasi tukamgombeza kwa kuapa. Alhamisi na Ijumaa ni siku za mapumziko. Jumamosi asubuhi, jamvi lilipoinuliwa lifagiliwe, kalamu ilionekana imelala baina ya jamvi na ukuta, pale pale ilipobiringika.

Tulimwita yule binti mbele ya wale wale waliomsikia akihojiwa, tukamwambia, "Mwanangu, tumekudhania dhana mbaya, tuwie radhi." Alitazama chini. Hakutujibu, wala hatukuwa na haki ya kumlazimisha jawabu.

Usiku ule tulifikiri sana juu ya meza yetu. Sura nzima katika Kurani Tukufu imepewa jina la kalamu, na Waislamu wa kale walikitukuza hata chombo chake. Katika nchi za Misri na Shamu, zama za Mamluki, mafundi waliunda masanduku marefu ya shaba ya kutilia kalamu, wakayatia nakshi za fedha na dhahabu, na ndani wakaweka mahali pa wino. Waandishi wa dola ya Uthmania walichomeka mishipini mwao chombo cha kalamu kilichoungwa pamoja na kidau. Nasi, wenye kufundisha watoto kuandika, kalamu zetu zinabiringika chini ya jamvi, kisha twamtafuta mwizi!

Ndipo tulipouteremsha ule mfuko. Lakini kabla ya kuufungua tulikwenda kwa mama wa yule mtoto, tukamtaka radhi kwa maneno yetu, tukamwomba ruhusa vitofali vitumike kwa kazi ya chuo. Alisema, "Maalim, chukua tu. Nitamwambia babake."

Yafaa tueleze kidogo asili ya vitu hivi, maana wazazi wengi wanavinunua bila ya kujua. Huko Denmark, katika mji mdogo wa Billund, palikuwa na seremala jina lake Ole Kirk Christiansen, ambaye mwaka 1932 alianza kuunda vitu vya kuchezea vya mbao. Mwaka 1934 akaiita kazi yake LEGO, jina lililotokana na maneno mawili ya Kidenishi yenye maana ya "cheza vizuri". Vitofali vya plastiki walianza kuviuza mwaka 1949, nao walikuwa wameona mfano wake kwa Mwingereza aitwaye Hilary Fisher Page. Lakini vitofali vile vya mwanzo vilikuwa vitupu ndani, navyo havikushikana barabara. Dawa yake ilipatikana mwaka 1958, kwa kutia vijibomba ndani ya kila kitofali, ili vinundu vya kitofali cha chini vibanwe baina ya vijibomba hivyo na kuta za kitofali cha juu. Tarehe 28 Januari mwaka ule haki ya ugunduzi huo ikaandikishwa. Kitofali kilichotengenezwa mwaka 1958 chashikana mpaka leo na kilichotoka kiwandani jana. Muda wa haki ile umekwisha zamani, na viwanda vingine sasa hutengeneza vitofali vya kipimo hicho hicho, vya bei nafuu. Vingine vyashika vizuri, vingine vyalegea.

Basi tukamkalisha yule mtoto na wenziwe wanane, tukawaambia, "Jengeni chombo cha kusimamisha kalamu 9." Hatukuwaonyesha njia, na haki ni kusema kwamba hata sisi hatukuijua.

Jengo la kwanza lilipasuka. Walipanga kitofali juu ya kitofali sawasawa, kiungo juu ya kiungo, likawa kama nguzo zilizosimama pamoja bila ya kujuana. Kalamu zilipotiwa, kila nguzo ilikwenda upande wake. Mmoja wao, ambaye ami yake ni mwashi, akasema, "Maalim, ukuta haujengwi hivi. Tofali la juu lakaa juu ya kiungo cha chini." Tulifurahi sana kumsikia, kwani huyu ndiye aliye nyuma ya wenziwe katika kusoma, na siku ile wote walimsikiliza yeye.

Jengo la pili kuta zake zilikuwa imara, lakini lilipoinuliwa sakafu ikaanguka pamoja na kalamu zote. Walikuwa wameweka vitofali viwili katikati ya sakafu, ambavyo havikushikwa na ukuta wowote kutoka juu. Waliangua kicheko, nasi tukacheka. Hatuna hakika kama chumba kile kimepata kusikia kicheko cha mwalimu tangu kilipojengwa.

La tatu lilisimama, na namna yake ni hii, kwa atakaye kuwafanyizia au kuwaachia wanawe. Huchaguliwa vitofali vya vinundu 8, yaani safu 2 za vinundu 4. Urefu wa kitofali kimoja ni kiasi cha milimita 32, upana 16, na kimo chake milimita 9.6 bila ya kuhesabu vinundu. Sakafu ni vitofali 8 vilivyolazwa vyote kutoka kushoto kwenda kulia, safu 4, kila safu vitofali 2, hata upatikane mraba wa milimita 64 kila upande. Kwa mpango huu kila kitofali cha sakafu nusu yake iko chini ya ukuta, hakuna kinachobaki bila ya mshiko. Kisha hupandishwa ukuta. Tabaka la kwanza lina vitofali 6: viwili vyafuatana upande wa kushoto, viwili upande wa kulia, na kimoja kimoja huziba katikati, mbele na nyuma. Tabaka la pili hugeuzwa: viwili mbele, viwili nyuma, na kimoja kimoja kushoto na kulia. La tatu ni kama la kwanza, la nne ni kama la pili, na hivyo hivyo hata yatimie matabaka 9. Kila tabaka lafunga viungo vya lile lililo chini yake. Jumla ni vitofali 62, na kimo cha chombo ni milimita 96. Shimo la ndani ni milimita 32 kwa 32, na kina chake kiasi cha milimita 86, nalo lachukua kalamu 9 bila ya kusongana. Hesabu hizi walizifanya wao wenyewe ubaoni, nasi tulisahihisha mahali pamoja tu.

Vitofali vya rangi nyekundu na manjano viliwapungukia, wakatia kimoja cha buluu tabaka la mwisho.

Jirani yetu, mzee wa makamo yetu, alipokiona alisema, "Maalim, mkebe wa maziwa ungetosha." Ni kweli, ungetosha, wala hauna gharama. Hatumwambii mzazi yeyote akanunue vitofali kwa ajili ya kuweka kalamu, maana vile vya kiwanda cha asili ni vya bei kubwa, na kutoa fedha ya chakula cha watoto kununua vitu vya kuchezea ni israfu. Lakini katika nyumba nyingi vimo tayari, vimetupwa uvunguni. Na mkebe wa maziwa hauwezi kupasuka mara mbili ukamfundisha mtoto kwa nini umepasuka.

Wako pia wanaotuuliza juu ya vile visanamu vidogo vya watu vinavyotiwa pamoja na vitofali katika masanduku. Maulamaa wana maneno juu ya jambo hili, na wengi wao wamevitoa vya watoto katika makatazo ya masanamu, kwa khabari iliyo sahihi ya bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, kwamba alikuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume, naye Mtume hakumkataza. Mwenye moyo usiotua na avitenge, avitumie vitofali peke yake. Hatuoni haja ya watu wa nyumba moja kugombana kwa hilo. Lililo muhimu zaidi ni mtoto mchanga: aliye chini ya miaka 3 asiachiwe vitofali vidogo, kwani hutia kila kitu kinywani. Na vikichafuka vioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, yasizidi joto la digrii 40, maana ya moto huviharibu umbo.

Mama wa yule mtoto alikipiga picha kile kikebe kwa simu, akampelekea mumewe Maskati. Jawabu lilikuja usiku ule ule: "Kile cha buluu chafanya nini pale juu?" Mtoto akasema aandikiwe, "Ndicho kilichobaki, baba. Ukija lete vyekundu viwili."

Kikebe sasa kiko juu ya meza yetu, na meza tumeitia kipande cha ubao chini ya mguu mfupi. Yule binti tuliyemdhulumu tulimwuliza kama ataridhia kuwa mlinzi wa kalamu. Alikaa siku mbili hakutujibu, na ya tatu akaja mwenyewe kukichukua kikebe. Kila jioni wenziwe wakisha kutoka, huzitoa kalamu na kuzihesabu moja moja kwa sauti. Zikitimia 9, hufunga dirisha. Zikiwa 8, huinua jamvi kwanza.