Faini Ndogo, Alama ya Kudumu

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga, si jambo geni kijana kukamatwa ndani ya eneo la mgodi akiokota magwangala. Familia huchanga faini, humrudisha nyumbani na kudhani shauri limekwisha. Dhana hiyo hatuiafiki.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, huhesabu kuwa kosa kubwa lile ambalo adhabu yake yafikia kifungo cha miaka 3 au zaidi, isipokuwa sheria imelitaja kuwa dogo. Basi kinachoamua ni hati ya mashtaka, wala si uzito wa kiroba: kuingia kwa jinai katika eneo la mtu ni kosa dogo, bali wizi ni kosa kubwa. Hata hivyo, kwa yote mawili, anayekiri na kulipa faini ametiwa hatiani. Na kumbukumbu hiyo yaweza kumkabili siku atakapoomba Polisi hati ya tabia njema ili apate kazi.

Kwa hiyo, wazazi wenzetu, tuwafunze vijana waulize kwanza wanashtakiwa kwa kosa gani. Aliyekosa kweli na kujuta, aiombe mahakama imwachilie kwa sharti la kutorudia kosa katika muda usiozidi miezi 12, sheria yaruhusu. Asiyekosa asikiri kwa kuchoka mahabusu, kwani huko ni kuishuhudia nafsi yake uongo.