Kibali cha ujenzi kielezwe kabla ya msingi kuchimbwa

Kwa familia nyingi za Dar es Salaam, somo la kwanza kuhusu kibali cha ujenzi huja na rangi nyekundu: alama ya X imechorwa ukutani. Wakati huo boma limesimama, pengine nyumba imepauliwa, na akiba ya miaka imeishia kwenye tofali na saruji. Mamlaka inayosubiri hadi hapo ndipo izungumze na mwananchi imechelewa, hata kama sheria iko upande wake.

Sheria yenyewe haina fumbo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inazuia kuendeleza ardhi katika eneo la mipango miji bila idhini ya halmashauri husika. Tatizo ni kwamba wananchi wengi wanakiona kibali kama ada nyingine ya kulipa, ilhali ni ukaguzi unaomlinda mjenzi mwenyewe. Je, kiwanja ni chake kweli? Kimetengwa kwa makazi? Kiko nje ya hifadhi ya barabara, na nje ya mita 60 za ukingo wa mto ambazo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazilinda? Na ramani yake inaonyesha nyumba itakayosimama salama, yenye hewa na choo mahali panapofaa?

Mwananchi hudhani maswali hayo yamekwisha kujibiwa. Amenunua kiwanja mbele ya mashahidi, ofisi ya serikali ya mtaa imegonga muhuri. Baadaye anaingiziwa umeme, na tangu 2021 anakatwa kodi ya majengo anaponunua umeme wa LUKU. Kila hatua inamwambia kuwa serikali inamtambua. Lakini muhuri wa mtaa unathibitisha mauziano tu, na kulipa kodi hakuhalalishi ujenzi. Mwaka 2017, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi. Mpaka wa hifadhi ni jambo ambalo mtu anapaswa kuonyeshwa kabla hajatoa fedha.

Wapo wanaosema watu wanajua, ila wanakwepa gharama na mizunguko ya ofisini. Kwa baadhi ni kweli, hasa wenye majengo makubwa ya biashara. Ghorofa lililoporomoka Kariakoo Novemba 2024 na kuua zaidi ya watu 20 linatosha kutuonyesha kwamba ukaguzi mkali hauna mbadala. Lakini mwalimu au mama lishe anayejenga vyumba vitatu Chanika hana mkandarasi wala mhandisi. Anajenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu na boma mwaka kesho, na mshauri wake ni fundi. Adhabu pekee haitamfundisha.

Kwa hiyo maelezo yamfuate aliko. Kila ofisi ya serikali ya mtaa ibandike karatasi moja ya Kiswahili chepesi: nyaraka zinazotakiwa, ada halisi, muda wa kusubiri majibu, na ofisi ya kulalamikia yakichelewa. Ramani ya eneo ionyeshe wazi hifadhi za barabara na mabonde. Afisa mipango miji ahudhurie mikutano ya mtaa, na mafundi wapewe semina, maana ndio wanaoulizwa kwanza. Wakazi wa maeneo yasiyopimwa waelezwe waanzie wapi katika urasimishaji, badala ya kurudishwa nyumbani kwa kukosa hati.

Kazi hiyo inahitaji watumishi na fedha, na halmashauri nyingi zina upungufu wa vyote viwili. Hata hivyo, kumweleza mtu kabla hajachimba msingi ni nafuu kuliko kesi, ubomoaji na familia kukosa pa kulala. Halmashauri inayokusanya ada ya kibali inao wajibu wa kukieleza. Ikitimiza wajibu huo, itakuwa na haki zaidi ya kumchukulia hatua anayejenga kinyume huku akijua.