Kubali Yaishe si Busara

Uko ushauri mmoja ambao dereva hupewa bure, na kwa kuwa ni wa bure huupokea bila kuupima. Ushauri huo ni maneno mawili tu: kubali yaishe. Ukikamatwa barabarani, wasema washauri hao, usibishane. Ukifika mbele ya hakimu sema ni kweli, lipa faini, urudi kwenye usukani wako. Kwa faini ya kosa dogo ambalo mtu amelitenda kweli, maneno hayo yaweza kupita. Kwa mashtaka mazito ni sumu. Yanaweza kumfunga mtu asiyejua alilokubali, wala hayamletei haki yule aliyefiwa.

Tuitazame Miasenyi, mji mdogo wa biashara kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, kati ya Mariakani na Voi. Reli mpya iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017 ina stesheni mahali hapo. Lakini malori hayakukoma. Hupita usiku na mchana yakitoka bandarini kwenda bara, na mengine huvuka hadi Uganda, Rwanda na Kongo. Kando ya lami hiyo hiyo watoto huenda shule, wachungaji huvusha ng'ombe, na ndovu wa Tsavo nao hutafuta njia zao. Sheria yataka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa ndani ya mji wa biashara, lakini dereva aliyetoka kwenye nyika tupu aghalabu huuona mji huo kama kituo cha chai tu. Mahali pa namna hii ajali haiko mbali na mtu yeyote.

Sasa na tuifungue Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403. Kifungu cha 46 kinamhusu mtu aliyesababisha kifo kwa kuendesha gari ovyo, au kwa mwendo au namna ya hatari kwa watu. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 10. Juu ya hayo leseni yake hufutwa, naye huzuiwa kupata nyingine kwa miaka 3. Kifungu hicho hakimwandami mwenda mbio peke yake. Chamshika hata aliyeliacha gari barabarani katika hali ya hatari. Mwenye lori lililoharibika usiku, akaliacha nusu yake juu ya lami bila taa wala pembetatu za kuakisi, kisha akaenda kulala, anaweza kushtakiwa kwa kifo cha mwendesha pikipiki aliyeligonga alfajiri. Hakuwa kwenye usukani, alikuwa kitandani. Sheria humwita dereva hata hapo.

Hapo ndipo ubaya wa kubali yaishe unapodhihirika. Dereva husimama kizimbani akiwa hajalala, moyo wake umejaa huzuni kwa sababu mtu amekufa. Husomewa mashtaka, huulizwa kama ni kweli, naye hujibu: "Ni kweli." Lakini ni kweli gani aliyoisema? Yeye anafikiri ameulizwa kama alimgonga marehemu. Sheria imemwuliza jambo jingine: je, uliendesha kwa namna ya hatari, na hatari hiyo ndiyo iliyoleta kifo? Kugonga ni tukio; kuendesha kwa hatari ni kosa. Mtoto aweza kuchomoka ghafula nyuma ya gari lililosimama, mbele ya dereva aendaye polepole, mwenye macho mawili na breki nzima. Tukio lipo, na msiba upo, lakini kosa huenda lisiwepo. Anayejibu swali la kwanza kwa ulimi hujikuta amelijibu la pili kwa maisha yake. Wazee walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Nayo matokeo ya neno hilo hayaishi kwa faini. Kwanza, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 348, humnyima rufaa ya hatia mtu aliyekubali kosa mwenyewe. Hubaki kulalamikia kiasi cha adhabu au uhalali wake tu. Pili, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 47A, husema kwamba hukumu ya hatia, muda wa rufaa ukishapita, ni uthibitisho wa mwisho kuwa mtu huyo alitenda kosa lile. Ndugu za marehemu wakidai fidia, dereva hawezi tena kukana kosa alilolikubali. Hubaki kubishana juu ya kiasi cha fidia, au kama marehemu naye alichangia ajali. Tatu, kwa mtu ambaye kazi yake ni gari, kufutiwa leseni ni kufungiwa mlango wa riziki. Washauri wa bure hawamtajii hata moja katika hayo.

Watu waadilifu watatupinga. Watasema kukiri kosa ni uungwana, na kwamba tunawafundisha vijana ujanja wa kukana. Sivyo. Mwenye kujua kosa lake na kulikiri anastahili heshima, na mahakama huweza kuufikiria ukiri wake katika kupima adhabu. Lakini kukiri usilolielewa si unyofu; ni kubahatisha. Ukweli hautaki haraka. Kukana mashtaka mbele ya hakimu si kusema uongo; ni kuutaka upande wa mashtaka uthibitishe unayoyasema, kwa mashahidi, kwa vipimo vya barabara, na kwa ripoti ya aliyekagua gari.

Wengine watasema kesi ni ndefu na maskini hana wakili. Neno hili lina uzito, lakini si sababu ya kujifunga mwenyewe. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 50, humpa mshtakiwa haki ya kuelezwa mashtaka kwa ukamilifu wa kutosha kuyajibu, na ya kupata mkalimani bila malipo kama haijui lugha ya mahakama. Humpa pia wakili kwa gharama ya Serikali ikiwa bila wakili huyo udhalimu mkubwa ungetokea. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ilipitishwa mwaka 2016. Hata kabla ya hapo, mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri kwamba mashtaka na viungo vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, kisha mambo yaliyotendeka yasomwe naye apewe nafasi ya kuyapinga. Akionyesha kutokubali, jibu lake libadilishwe liwe la kukana. Kinga hiyo imekuwapo zaidi ya nusu karne. Itamfaa nini asiyefungua kinywa?

Tusidhani kwamba maneno haya ni ngao ya wauaji wa barabarani. Dereva aliyegonga akakimbia hana mtetezi hapa. Kifungu cha 73 humwamuru asimame, na ajali airipoti polisi mapema iwezekanavyo, wala si zaidi ya saa 24. Aendeshaye amelewa hana mtetezi hapa. Atoaye hongo ili karatasi zipotee ni ndugu yake mshauri wa kubali yaishe, kwa maana wote wawili wauogopa ukweli usipimwe. Mama aliyefiwa na mwanawe kando ya lami hahitaji mtu yeyote tu afungwe haraka. Anahitaji kujua mwanawe alikufaje. Kesi ikimalizwa kwa neno moja lisiloeleweka, pengine taa mbovu, breki iliyokwisha, au tajiri aliyemlazimisha dereva kusafiri bila kulala, vyote hubaki salama nyuma ya yule aliyesema ni kweli.

Ninyi mnaosoma kurasa hizi, wengi wenu mtashika usukani, na wengine mtakaa karibu na aliyeushika. Jifunzeni kwanza mwendo wa adabu, kwa kuwa hakuna wakili awezaye kumfufua maiti. Kisha jifunzeni maana ya mashtaka kabla ya kuyajibu: ulizeni ni kifungu gani, kina viungo gani, na adhabu yake ni ipi. Mkiwa na kosa, likirini mkijua mnalokiri. Mkiwa hamna, au hamjaelewa, semeni hivyo kwa heshima na kwa sauti ya kusikika, karani aandike.