Umati Usio na Watu

Kuna aina ya mchezo wa kompyuta ambayo imeniudhi kwa muda mrefu, na kwa kuwa hasira isiyoelezwa huonekana kama kisirani tu, namwomba ndugu msomaji anivumilie niieleze. Ni mchezo unaochezwa na mtu mmoja, peke yake, lakini uliotengenezwa uonekane kana kwamba unachezwa na maelfu kwa wakati mmoja kupitia intaneti. Unaingia mjini unakuta watu wamejaa. Huyu anauza upanga, yule anatafuta wenzake wa kuingia nao pangoni, mwingine analalamika kwamba amezungukwa na wenye choyo. Juu ya kila kichwa limeandikwa jina, majina yale yale ya kipuuzi ambayo vijana hujipa mtandaoni. Wote hao si watu. Ni programu. Mtu hai humo ni wewe tu.

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo la watoto na mashine zao. La hasha. Wanaocheza michezo hii wengi wao ni watu wazima, wenye kazi na watoto, na kinachouzwa humo si panga wala majoka. Kinachouzwa ni ujirani.

Asili yake ni hii. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle walitengeneza mchezo wa maandishi matupu, bila picha hata moja, ulioitwa MUD. Maajabu yake yalikuwa moja tu: watu kadhaa waliweza kuwa humo pamoja, wakaonana kwa maneno. Baadaye zikaja picha, zikaja na fedha. Ultima Online ulitoka mwaka 1997, EverQuest mwaka 1999, na World of Warcraft mwaka 2004. Ulilipa ada ya kila mwezi, na dunia yenyewe iliendelea ulale usilale. Hapo ndipo kivutio kilipokuwa. Ukirudi baada ya wiki unakuta yaliyotokea bila wewe.

Mwigo nao haukukawia. Mwaka 2002 Mmarekani mmoja alitoa kichekesho kiitwacho Progress Quest: unachagua jina na kabila la mhusika wako, kisha unakaa kutazama mstari ukijaa na mhusika akipanda ngazi, nawe huna la kufanya. Alikuwa akiwakejeli wachezaji wa EverQuest, na wengi walicheka kwa uchungu kwa kuwa walijiona. Mwaka huo huo, huko Japani, Bandai ilitoa wa kwanza kati ya michezo minne ya .hack, iliyotengenezwa na CyberConnect2 kwa ajili ya PlayStation 2. Ukiuwasha unaona kwanza kompyuta ya bandia, yenye barua pepe za bandia na ubao ambapo wachezaji wa bandia wanabishana. Ndipo unaingia katika mchezo wa pili ulio ndani ya ule wa kwanza, uitwao The World. Wewe ni Kite. Rafiki yako aliyekualika, ambaye humo anaitwa Orca, anashambuliwa, na kijana mwenyewe huko nyumbani kwao anapoteza fahamu.

Niliucheza mchezo huu kwa mashine ya mtumba, miaka kadhaa baada ya kutoka, katika chumba ambacho intaneti ilikuwa haijakifikia. Sina neno baya juu yake. Riwaya iliyojaa barua haiwi uongo kwa sababu barua zile hazikupita posta. .hack ni hadithi inayohusu watu wasiojuana nyuso na wanachodaiana, na umati wake wa bandia ni jukwaa la hadithi hiyo. Hali kadhalika CrossCode, uliotolewa mwaka 2018 na Wajerumani wa Radical Fish Games. Msichana Lea yumo ndani ya mchezo wa watu wengi, na chombo chake cha kusemea kimeharibika, hivyo ana maneno machache mno. Kila anayekutana naye inambidi aamue atamtendeaje mtu asiyeweza kumjibu. Swali hilo ni la kweli, hata kama wanaoulizwa ni wa kubuni.

Ugomvi wangu ni na jamaa wa pili, wale ambao hawana hadithi ya kusimulia juu ya ujirani bali wanakuletea ujirani wenyewe ukiwa tayari, umepoa, bila mifupa. Mfano ulio mashuhuri ni Erenshor, ulioanza kuuzwa Aprili 2025 ukiwa bado haujakamilika. Unafuata nyayo za EverQuest kwa mapenzi makubwa. Wachezaji wake wa bandia wanapanda ngazi hata usipokuwa nao, wanajiunga na vyama, wanapiga soga, wanakufuata vitani. Umefanywa kwa ufundi, na aliyeufanya hafichi kitu: tangu mwanzo anakwambia humo hamna mtu. Kwa uaminifu huo namheshimu. Kinachonikera ni sifa unazopewa na wapenzi wake, nazo ni zile zile kila mara: kwamba hatimaye tumepata raha yote ya mchezo wa mtandaoni bila kero ya watu.

Bila kero ya watu! Mtu akisifu harusi kwa kuwa haina wageni, utamwelewaje?

Lakini tuwatendee haki. Kero ziko. Mwanamke akisema neno moja kwa sauti yake katika mingi ya michezo ile hutukanwa na mtoto ambaye angestahili kuwa kitandani. Mtu mwenye watoto hawezi kuahidi saa tatu mfululizo usiku. Sisi huku tuna la ziada, maana kwa miaka mingi seva zilizotuhudumia zilikuwa Ulaya, na kati ya kubonyeza na kuona upanga umeshuka kulikuwa na muda wa kumeza funda la chai. Tena dunia za mtandaoni hufungwa. Star Wars Galaxies ulizimwa tarehe 15 Desemba 2011, City of Heroes mwishoni mwa Novemba 2012, na waliokuwa wamejenga nyumba humo walisimama uwanjani wakaagana mpaka taa zikazimika. Mchezo wa peke yako haufungwi namna hiyo. .hack//G.U. wa mwaka 2006 ulirudishwa ukiwa umepakwa rangi mpya mwaka 2017, na kila mtu ndani yake alikuwa pale pale alipoachwa. Hoja hizi ni nzito, nami siwezi kumlaumu mtu mchovu anayetaka kupigana na joka kabla ya kulala. Hata bao mtu huweza kulicheza peke yake, akihama upande huu na ule. Tofauti ni kwamba mcheza bao huyo haambii jirani zake kwamba sasa amepata uhondo wote wa barazani.

Maana uhondo ule ulikuwa nini? Katika EverQuest kulikuwa na handaki katika nchi iitwayo East Commonlands. Waliotengeneza mchezo hawakulifanya soko. Wachezaji wenyewe, katika seva nyingi, waliona kwamba ni njia inayopitwa na wengi, wakaanza kusimama humo na bidhaa zao, wakapaza sauti, na soko likawa soko. Ilichukua miaka kabla kampuni haijajenga gulio rasmi. Mwezi Agosti 1997, Ultima Online ukiwa bado katika majaribio, mwanzilishi wake Richard Garriott alisimama mbele ya raia wake akiwa katika vazi la mfalme Lord British, aliyedhaniwa hawezi kufa, na mchezaji aliyejiita Rainz akamwashia moto akamuua. Septemba 2005, katika World of Warcraft, laana ya joka Hakkar iliyokusudiwa kubaki ndani ya pango moja ilitoka nje kupitia wanyama wa wachezaji, ikaingia mijini na kuua kama tauni. Wako waliokimbilia porini, wako waliobaki kuwatibu wageni wakafa nao, na wako waliokwenda makusudi kuwaambukiza wengine. Mwaka 2007 wataalamu wa magonjwa ya mlipuko waliandika juu ya tukio hilo katika jarida la kitabibu, kwa kuwa waliona humo namna watu wanavyofanya hofu inapoingia.

Hakuna programu ya kuigiza wachezaji ambayo ingetoa hata moja kati ya haya, ila kama mtengenezaji amekwisha kuliwaza. Na akiliwaza, si tukio tena, ni pambo. Mchezaji wa bandia anaweza kufundishwa kusema anachoka, akanuna, hata akakataa kwenda nawe. Lakini anapokataa hana pengine pa kwenda. Hakuna mtoto anayelia chumba cha pili, hakuna bosi asubuhi. Kwa hiyo hata anapokubali hajakupa kitu.

Nitatoa mfano wangu mmoja. Miaka fulani nilikuwa katika chama cha wachezaji, wengi wao wa Ulaya, nami nilikuwa mganga wa kikosi, yule ambaye akiondoka wote wanakufa. Usiku mmoja tukiwa katikati ya pango umeme ulikatika. Nilikaa gizani kama dakika arobaini, nikijua kwamba huko wamekwisha kuchukua mganga mwingine, maana ndivyo inavyofanywa na haina lawama. Umeme uliporudi niliingia ili niombe radhi tu. Nikamkuta mmoja wao amekaa mlangoni mwa pango, wengine wameondoka. Aliniandikia kwamba alidhani ni umeme, kwa sababu niliwahi kumweleza. Kwao ilikuwa inakaribia saa saba ya usiku na alikuwa na zamu alfajiri. Jina lake halisi sikulijua mpaka leo.

Sasa, katika mchezo wa peke yako umeme ukikatika dunia yote inasimama, na ukirudi wote wako walipokuwa. Mganga wa bandia angeningoja miaka kumi. Ni uvumilivu gani huo, wa kiti?

Wanaodhani natia chumvi wamkumbuke Mats Steen, kijana wa Norway aliyekuwa na maradhi ya misuli tangu utoto na aliyefariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake waliamini kwamba mtoto wao ameishi bila marafiki, chumbani, mbele ya World of Warcraft, ambako aliitwa Ibelin. Walipotangaza kifo chake katika ukurasa wake, barua zilianza kumiminika kutoka kwa watu wasiowajua hata kidogo, nao wakieleza alivyowasikiliza na alivyowashauri juu ya ndoa na watoto wao. Baadhi yao walisafiri kuja kumzika. Habari hizi zilitengenezewa filamu mwaka 2024. Nawauliza wale wanaosifu mchezo usio na kero ya watu: kama kijana yule angeuziwa umati wa bandia, laini na wenye adabu, wazazi wale wangepokea barua kutoka kwa nani?

Na upepo unavuma kuelekea huko. Final Fantasy XIV, mchezo wa mtandaoni halisi unaolipiwa kila mwezi, tangu mwaka 2019 umekuwa ukiruhusu mapango fulani kuingiwa na wahusika wa kompyuta badala ya wachezaji, na mwaka 2022 mpango huo ulipanuliwa. Watu wameshukuru. Hawangojani tena wala hawaombani. Huo angalau hufanyika mwangani. Septemba 2019 wenye Fortnite, ambao ni mchezo wa kupigana wa namna nyingine kabisa, walitangaza kwamba wataingiza wachezaji wa bandia kati ya wale wa kweli, na wachezaji hao hawakuandikwa alama usoni. Tangu Novemba 2022, ilipotoka ChatGPT, kila mtu amekwisha kuona kwamba mashine inaweza kuandika sentensi ndefu zenye heshima na mzaha. Unganisha mambo hayo mawili. Mtengenezaji wa Erenshor aliyeandika wazi kwamba humo umo peke yako ataonekana mtu wa kale, mwadilifu kupita kiasi.

Mpwa wangu ana miaka kumi na mitatu. Likizo iliyopita alikuwa akicheza kwa simu mchezo mmoja wa kupigana, na mwenzake wa kikosi, mwenye jina la herufi na tarakimu, alimkinga kwa mwili wake mpaka akapona. Mpwa wangu alifurahi sana, akamwandikia asante kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza. Hakujibiwa. Akanigeukia akaniuliza, “Mjomba, huyu ni mtu?” Tulilichunguza lile jina pamoja, namna alivyokuwa akikimbia, namna alivyokuwa akigeuka. Raundi ikaisha na jina likafutika kabla hatujaamua.