Ukibadilisha Laptopu, Piga Hesabu Kabla ya Kushika Pesa ya Juu

Wiki mbili zilizopita jamaa mmoja wa Kisauni aliniletea ofa: nimpe laptopu yangu ya 2021, yeye anipe ThinkPad T420 ya 2011 na aniongezee 12,000 juu. Mimi naishi Likoni, na kodi ilikuwa inanidai. Si utani, nilishaanza kuiona ile pesa ikiingia kwa simu.

Na hiyo ThinkPad si mchezo. Betri unaitoa kwa mkono, RAM unaongeza kwa bisibisi tu, na kibodi yake ni ile ya zamani ambayo wanaoandika sana bado wanaitafuta. Yangu betri imefungiwa ndani na RAM imegandishwa kwenye bodi. Ikifa, imekufa.

Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Nilimuuliza fundi wa mtaani. Betri mpya 3,500. SSD 3,000. Chaja 1,500. Hapo 12,000 imebaki 4,000. Tena Windows 11 haiikubali T420, na Windows 10 nayo Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Linux ingekwenda poa, ila programu ninayotengenezea wateja mabango haina toleo la Linux.

Yaani ningetoa kifaa kinachonilipia kodi kila mwezi, ili nilipe kodi ya mwezi mmoja. Na hata hiyo isingetosha! Nikakataa. Nikaongea na mwenye nyumba, akakubali nilipe mara mbili.

Maoni yangu ni haya: kompyuta kuukuu si mbaya. Kama kazi yako ni kuandika na umeipenda, chukua. Ila kama unachotaka ni ile pesa ya juu, jiambie ukweli: hapo hubadilishani, unauza kwa bei ya kutupa.

Ukiamua kubadilishana, zingatia haya:

- Kutaneni mchana, mahali penye watu. Iwashe, hakikisha haina nenosiri usilolijua, na uulize risiti. Mali ya wizi itakupeleka kituoni wewe.
- Usitume pesa ya "kukushikia" kabla hujaiona.
- Ukitumiwa pesa, usiamini meseji peke yake, kwa sababu meseji feki zipo. Angalia salio lako kwenye menyu kabla hujaachia mzigo.
- Ukituma wewe, soma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha. Na PIN yako hapaswi kuijua mtu, hata akisema anakusaidia.
- Toka kwenye akaunti zote, kisha futa diski kabisa. Picha ya kitambulisho na taarifa zako za pesa zikibaki humo, umempa zaidi ya laptopu.

Ukipiga hesabu yote hiyo na bado inakulipa, haya, badilisha. Mimi yangu haikunilipa.