Mario si Kamari

Mara nyingi nimewasikia wazee wetu wa Carama wakilaumu michezo ya televisheni. Husema kwamba mtoto aingiaye katika chumba cha michezo ni sawasawa na yule aendaye kuweka fedha juu ya mpira wa Ulaya. Yote, ati, ni kamari. Mimi nasema sivyo, na naomba nafasi nieleze sababu zangu.

Katika mtaa wetu, huku kaskazini mwa Bujumbura, viko vyumba ambamo mtoto hutoa faranga chache akacheza. Mchezo ninaousemea umetuzidi umri sisi wanafunzi sote: Super Mario Bros., uliotolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani mwezi wa Septemba 1985. Walioubuni ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Mtu mfupi mwenye kofia na masharubu hukimbia, huruka mashimo, hukanyaga adui, mpaka afike ngomeni. Dunia zake ni 8, na kila moja ina sehemu 4. Basi.

Lakini tazameni jinsi unavyofundisha. Mwanzoni Mario amesimama upande wa kushoto na mbele yake pako wazi. Mtoto hujua mwenyewe kwamba njia ni ya kulia. Punde huja kidudu mfano wa uyoga wenye miguu. Asiyeruka hufa, na kwa kuwa ndiyo kwanza ameanza, hasara yake ni hatua chache tu. Kisha hutoka uyoga mwingine, ulio mwema. Huteleza, hugonga bomba, humrudia mchezaji, na hata akitaka kuuruka ni vigumu, maana matofali yako juu ya kichwa chake. Akiugusa, anakua! Hapana neno hata moja lililoandikwa kumweleza. Mdogo wangu, asiyejua Kiingereza wala Kijapani, na ambaye Kifaransa chake ni cha kuombea ruhusa tu, aliyafahamu hayo yote kwa dakika chache. Laiti vitabu vyetu vya hesabu vingekuwa na busara hiyo.

Tena mchezo mzima ulitiwa katika kilobaiti 40, pungufu sana kuliko picha moja ya simu. Ndiyo sababu mawingu na vichaka vyake ni umbo moja, ila rangi mbalimbali.

Na kamari je? Mwenye kuweka fedha juu ya mpira hana mguu uwanjani. Ajapokesha akisoma majina ya wachezaji, goli la dakika ya mwisho halimtii. Namjua mwenzetu aliyepeleka huko karo ya muhula mzima, akitumaini kuizidisha. Leo yuko kwao, nasi tuko darasani. Katika Mario, shimo lililokuua jana liko pale pale leo, likingoja uruke vizuri.

Ni kweli kwamba fedha ya chumba nayo ni fedha, na wako watoto watoao nauli ya basi wakarudi kwa miguu. Hapo wazee wana haki. Ninaloogopa ni hili: mtoto akiambiwa kwamba yote ni kamari, naye akaona Mario hakumdhuru, atadhani kamari nayo haidhuru.

Kwa hiyo naomba wenye vyumba wafunge milango saa za masomo, na mzazi asimame nyuma ya mwanawe dakika kumi kabla ya kumshika sikio. Ama lile duka la pili, lenye karatasi za kubahatisha, mtoto asikubaliwe kuingia saa yo yote.