Turudieni Nyimbo Tulizocheza Kabla ya Kuzielewa

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Nne

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii nimeikumbuka mara nyingi mwaka huu kwa sababu ya jambo linalotokea hapa shuleni karibu kila Jumamosi jioni. Wakati wa burudani bwaloni, mtu akithubutu kuomba wimbo wa zamani huzomewa mpaka akae chini. "Ngoja uzeeke kwanza!" ndilo jibu analopewa. Mimi mwenyewe nimebandikwa jina la "Nyanya" kwa sababu napenda kuimba zilizopendwa nikifua nguo. Jina hilo silikatai, kwani nyanya yangu ni mtu wa maana. Hata hivyo, naomba nitumie nafasi hii niliyopewa na mhariri kueleza kwa nini naona wanaozomea wanajinyima, na kwa nini nyimbo hizo zinatufaa sisi vijana pengine kuliko zinavyowafaa wazee wenyewe.

Bendi ninayoisimamia hapa ni Les Wanyika. Kwa wale wasioijua, habari yake kwa ufupi ni hii. Ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Kinyonga na George Kinyonga, waliingia Kenya mwaka wa 1971 baada ya kupiga muziki kwao Tanzania, wakaanzisha bendi ya Simba Wanyika. Mwaka wa 1978 bendi hiyo iligawanyika. Omar Shabani, aliyekuwa akipiga gitaa la rithimu, aliondoka pamoja na wenzake kadhaa, wakiwemo Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa ngoma. Wakajiunga na mwimbaji Issa Juma na mpiga gitaa John Ngereza, wakajiita Les Wanyika. Hilo neno "Les" ni la Kifaransa. Siku hizo bendi za kutoka Kongo, ambayo wakati huo ikiitwa Zaire, zilikuwa zimetamba sana Nairobi, na jina lenye harufu ya Kifaransa lilikuwa pambo. Lakini walichoimba kilikuwa Kiswahili, tena Kiswahili kilichonyooka, kinachoeleweka Tanga, Mombasa, Nakuru na Kisumu. Muda mfupi baada ya kuanza walitoa "Sina Makosa", wimbo ambao hadi leo ukipigwa harusini hata shangazi mwenye kuumwa goti husimama.

Mimi nilikutana na bendi hii nikiwa sijaanza hata darasa la kwanza. Babu mzaa mama alikuwa na kinanda cha santuri na sanduku la mbao lililojaa santuri ndogo, zile zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Kwa vile santuri hizo hazikuwa na nafasi kubwa, nyimbo nyingi za bendi za wakati huo zilikatwa mara mbili. Upande wa kwanza ulikuwa na maneno, na pale magitaa yanapoanza kupamba moto, sauti inafifia na kukwisha. Ilibidi mtu ainuke, aigeuze santuri ili upande wa pili uendelee. Kazi hiyo ya kugeuza ilikuwa yangu, na hakuna mjukuu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. "Mama, geuza!" babu angeniita kutoka kwenye kiti chake, nami ningekwenda mbio kama niliyetumwa na rais. Kisha tulikuwa tukicheza, mimi na binamu zangu, mpaka vumbi litujae.

Babu alifariki nikiwa darasa la tatu. Kinanda kikaharibika, sanduku likasukumwa chini ya kitanda, nami nikakua na mambo mengine. Miaka karibu minane ilipita bila ya mimi kuisikiliza bendi hiyo kwa makusudi. Likizo ya Desemba iliyopita ndipo binamu yangu mmoja alipoutafuta "Sina Makosa" kwenye simu yake, akanipa vifaa vya masikioni, akaniambia, "Hebu sikiza wimbo wenu na Guka."

Jamani! Jambo la kwanza lililonishangaza ni magitaa. Zamani nilikuwa nikisikia kelele moja tamu. Safari hii nilisikia magitaa matatu, kila moja na kazi yake. Solo liko juu, linatembea huku na huko kama mtu mwenye habari njema. Besi liko chini, halisemi mengi lakini likinyamaza utadhani nyumba imetolewa msingi. Katikati ndiko liliko rithimu, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye roho ya Wanyika. Linarudia mpigo ule ule, ule ule, kama mwanamke anayetwanga na mchi wake haukosi kinu. Nilipokuja kujua kwamba kiongozi wa kikundi kilichotoka Simba Wanyika alikuwa mpiga rithimu, nilielewa. Watu humwangalia anayepiga solo, lakini ukimtoa wa katikati hata solo hukosa pa kusimama. Viranja wetu na sisi tunaoongozwa nao tuna la kujifunza hapo.

Jambo la pili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kwa mara ya kwanza nilisikia maneno.

Anayesema katika "Sina Makosa" ni mwanamume, na anayeambiwa ni mwanamume mwenzake. Anamwuliza mwenzake hasira zote hizi ni za nini, na kwa nini anataka kumdhuru bure. Hoja yake kubwa ni kwamba wote wawili wana wake zao nyumbani. Huyo mwanamke wanayemgombania si wa huyu wala si wa yule. Basi chuki ya nini? Huo ndio utetezi wake, ndugu msomaji. Kwa kuwa mwenzake naye ana kosa, yeye hana kosa! Mwalimu wetu wa hesabu atanisaidia hapa: kosa ukiligawanya kwa watu wawili, je, linakuwa sufuri? Au kila mmoja anabaki na lake?

Tena hesabu wanawake walio katika kisa hicho. Wako watatu: mke wa huyu, mke wa yule, na huyo anayegombaniwa. Hakuna hata mmoja anayepewa nafasi ya kusema. Hao wawili wametajwa tu kuthibitisha kwamba waume zao wako sawa kwa sawa. Nilivua vile vifaa vya masikioni, nikamwendea nyanya jikoni, nikamwuliza, "Nyanya, wewe ulijua wimbo huu unasema nini?" Akacheka sana. "Mjukuu wangu, tulijua vizuri sana. Mwenye kusema hana makosa kabla hajaulizwa, huyo mtazame mara mbili." Kisha akaendelea kukata sukuma wiki huku akiuimba wimbo wenyewe.

Jibu hilo la nyanya ndilo msimamo wangu katika makala haya. Nyanya hakuutupa wimbo kwa sababu mwenye kusema ni mjanja, wala hakumwamini huyo mjanja kwa sababu magitaa ni matamu. Aliyafanya yote mawili: alicheza na alisikiliza. Sisi tunafundishwa darasani kwamba nafsineni si lazima awe mtunzi. Tukikutana na nafsineni mwenye hila katika shairi la mtihani, tunamchambua hadi mifupa. Kwa nini tukikutana naye katika wimbo tunamwacha apite? Mimi naamini waliotunga "Sina Makosa" walijua walichokuwa wakifanya. Walimpa mtu mwenye kosa jina la wimbo lisemalo hana, wakampa na muziki mtamu kuliko wote, halafu wakatuachia sisi hukumu. Hicho si kinaya? Kama si kinaya, basi sijui tunasoma nini.

Najua kuna walimu wasiokubaliana nami. Wapo wanaosema wimbo wa wanaume wawili kugombania mwanamke wa nje haufai kupigwa shuleni. Nawaheshimu, lakini nina swali kwao. Hadithi tunazosoma darasani, je, hazina wazinzi, wezi na wasaliti? Wamejaa tele, na hakuna aliyesema vitabu vichomwe. Tunavisoma kwa sababu tuko na mwalimu anayetuuliza, "Mnamwonaje mhusika huyu?" Wimbo nao unahitaji swali hilo hilo. Ukipigwa bila swali, ni kweli unaweza kupotosha. Ukipigwa na kujadiliwa, unakuwa somo.

Wapo pia wenzangu wasemao kwamba hizi ni nyimbo za wazee na sisi tuna zetu. Sawa, tunazo, nami nyingi nazipenda. Lakini hebu tuulizane bila kuoneana haya. Nyimbo tunazoruka nazo kila Jumamosi, ni nani kati yetu amewahi kuketi akasikiliza zinasema nini? Nyingine ziko katika lugha tusizozijua kabisa. Nyingine ziko katika Kiswahili na sheng, tunazijua neno kwa neno, lakini tunazitamka kama kasuku. Juzi nilimwona msichana wa kidato cha pili akiimba kwa furaha ubeti unaowalinganisha wasichana na bidhaa za dukani. Nilipomwuliza anaimba nini, akasema, "Sijui, beat ni kali." Nilipokuwa na umri wa miaka sita, mdundo ulinitosha na hapakuwa na ubaya. Mtoto hucheza ngoma apigiwayo. Lakini mtu wa miaka kumi na sita au kumi na saba ana masikio mengine, na asipoyatumia wengine watamchezesha hadi uzeeni.

Hii ndiyo faida kubwa ya kurudia wimbo wa utotoni. Wimbo mpya huwezi kuusikiliza kwa urahisi, kwa sababu uko ndani yake. Kila mtu anauimba, na ukiuuliza swali unaonekana mshamba. Wimbo wa utotoni umekaa mbali kidogo. Unaujua mwili mzima, miguu inakumbuka kabla ya kichwa, lakini sasa una akili ya kuuchungulia. Ukishajifunza kumsikiliza Les Wanyika hivyo, huwezi tena kumsikiliza mwingine yeyote kijinga. Angalau mimi imenishinda.

Lipo na jambo la lugha. Kila mwaka tunaambiwa insha zetu zimejaa sentensi zilizofikiriwa kwa Kiingereza. Ziangalie nyimbo hizi. Mwenye kusema anabishana, anabembeleza, anasuta na kutisha, yote kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la nne anayaelewa. Hakuna msamiati wa kubeba kwa mkokoteni. Anayetaka kujua jinsi ya kuandika mazungumzo yenye uhai, na asikilize jinsi watu hawa wanavyomwita mtu, wanavyomwuliza maswali yasiyohitaji jibu, na wanavyorudia neno mpaka liume. Takriri tunayoikariri kwa ajili ya mtihani imo humo, inacheza rumba.

Sasa nisiwe mtu wa kulalamika tu bila ya kutoa ushauri. Napendekeza mambo matatu.

Kwanza, chama chetu kiombe Jumamosi moja kila muhula iwe ya zilizopendwa. Upigwe wimbo mmoja tu, usikilizwe mara mbili, mara ya kwanza kwa miguu na mara ya pili kwa masikio, halafu ufanyike mjadala. Mada ya kwanza naitoa bure: "Mwenye kusema katika 'Sina Makosa' ana makosa." Upande wa kupinga nawatakia kila la heri.

Pili, kila mwanachama akienda likizo awaulize wazee wa kwao walicheza bendi gani, na waliyaelewaje maneno. Tuyaandike majibu yao na kuyaleta. Katika fasihi simulizi tunafundishwa kukusanya data nyanjani, na nyanja ya kwanza ni jikoni kwa nyanya.

Tatu, tuokoe santuri. Nyumbani kwetu ami mmoja alikuwa tayari kulitoa sanduku la babu kwa mnunuzi wa vitu vikuukuu, ati linajaza nafasi. Nyanya alikataa. Nyumba ngapi hazina wa kukataa? George Kinyonga alifariki mwaka wa 1992 na Wilson mwaka wa 1995. Omar Shabani na John Ngereza nao wametangulia mbele ya haki. Watu hawa hatuwezi tena kuwaendea na kuwauliza walikusudia nini. Kilichobaki ni kazi yao, na kumbukumbu za waliocheza. Sanduku likiuzwa na mzee akifariki, vyote viwili vimekwenda, na simu haina kila kitu kama tunavyodhani.

Kwa wale watakaoendelea kunizomea bwaloni, sina kinyongo nanyi. Zomeeni, lakini wimbo ukianza tazameni miguu yenu chini ya meza. Ikitikisika, mjue mmekwisha kukubaliana nami nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni ya masikio, na hiyo ndiyo tutakayoijadili chamani.

Shime wenzangu, na Kiswahili kitukuzwe!